Pumzi Kumi na Sita

Mama yangu hakuwahi kuandika jina la mteja hata mmoja. Alikuwa fundi cherehani kwa miaka thelathini na moja, kwenye chumba cha mbele chenye dirisha moja na meza mbili, na katika daftari lake la vipimo watu waliandikwa kama alivyowaona yeye: Mwalimu Kelele, Bwana Benki, Bibi Harusi Mwoga, Mwenye Mbwa. Mteja akijaribu kuchungulia aone yeye anaitwaje, mama alilifunga daftari, akaanza kuulizia hali ya hewa.

Alipofariki, kaka yangu mkubwa alichukua mkasi wake mkubwa wa kazi, ingawa hajui hata kushona kifungo. Mimi nikachukua daftari. Kwa kuwa mimi ndiye mwandishi wa familia, ikaamuliwa, bila mimi kuulizwa, kwamba niandike habari za mama tuzisome siku ya kutimiza mwaka. Nimeshaandika vitabu vinne kuhusu watu nisiowajua, basi nikadhani huyu niliyemjua tangu kuzaliwa atakuwa kazi nyepesi.

Zilipobaki wiki mbili nilimpigia kaka simu nikamsomea kurasa sita. Mama mpole, mama mvumilivu, mama asiyechoka. Nilipomaliza nikangoja anisifu.

"Kaka, upo?"

"Nipo. Namsubiri mama aingie."

"Si ndiye huyo ninayemsoma!"

"Huyo simjui, dada. Mama gani huyo, kurasa sita nzima hajamsema mtu?"

Nilimkatia simu kwa hasira. Kilichoniuma ni kwamba alikuwa amesema kweli. Mama alikuwa na maneno makali, na mimi nilikuwa nimemng'oa meno yote ili apendeze kwenye karatasi. Niliogopa. Sauti yake ilikuwa imeanza kunitoka akilini, na kama ningekosea kwenye maandishi, wajukuu wake wangebaki na huyu mama wa kurasa sita, mwanamke ambaye hakuwahi kuishi.

Ndipo nikalifungua daftari, nikitafuta angalau mzaha wake mmoja wa kuiba. Kila mteja ana mstari wake: kifua, kiuno, nyonga, urefu. Mwishoni mwa mstari kuna neno moja ambalo sikuwahi kuliona likiandikwa na fundi mwingine. Pumzi. Mwalimu Kelele, kiuno 92, pumzi 4. Bwana Benki, kiuno 98, pumzi 7. Mwenye Mbwa, pumzi 2. Bibi Harusi Mwoga, pumzi 0.

Pumzi za nini? Nilidhani ni siku za kusubiri nguo. Haikuwezekana, maana hakuna aliyewahi kupata nguo kwa mama ndani ya siku mbili. Nikadhani labda aliwapa alama za ubishi, lakini Bwana Benki alikuwa mtu mtaratibu, aliomba radhi hata kwa kiti. Nilihesabu, nikalinganisha, nikachora jedwali. Kazi ya kuandika ikalala, na kusema kweli nilikuwa na furaha ambayo sikuwa nayo tangu msiba.

Ukurasa wa mwisho ulikuwa na mstari mmoja tu, kwa mwandiko ambao si wa mama: Mkaidi, kiuno 88, pumzi 16. Hakuna mwingine daftari zima aliyepita nane.

Asubuhi yake nikaenda kwa mama mdogo. Hawakuzaliwa tumbo moja yeye na mama, ila walikaa kwenye meza mbili za chumba kile muda mrefu kiasi kwamba hatukujua kumwita vinginevyo. Nilimkuta anashona, miwani imemshuka mpaka nchani mwa pua.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba. Umekonda. Hivyo vitabu vinakulisha nini, wewe?"

Nikamwekea daftari mbele, kidole juu ya neno. Akacheka mpaka akaachia kitambaa.

"Hukujua? Wewe si ndiye msomi! Haya, simama nikupime."

Nikasimama. Akanizungushia futi kiunoni, akasoma namba, lakini futi hakuitoa. Alisubiri, akaanza kunisimulia habari za jirani yake aliyegombana na mlango. Nilipocheka, futi ikakaza.

"Unaona? Sentimita tatu. Kila anayepimwa hubana tumbo. Ukimshonea kama alivyosimama, akikaa tu nguo inamchanika. Mama yako alikuwa anaandika kipimo cha uongo, ili mtu asiaibike, halafu pembeni anaandika pumzi, ile anayoishikilia. Nguo inashonwa kwa kujumlisha vyote viwili."

"Na bibi harusi?"

"Yule alikuwa anaogopa mpaka akasahau kujibana."

Nikacheka peke yangu, nikageuza ukurasa wa mwisho. "Na huyu Mkaidi? Huyu alibana tumbo la watu wangapi?"

Mama mdogo aliondoa mguu kwenye cherehani. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Huyo hakubana kitu, mwanangu. Tumbo halikuwepo. Kiuno chake siku zote ni mia na nne. Mwaka ule wa mwisho akaniambia nimpime, nikapata themanini na nane. Nikataka kulia. Akasema, 'Acha ujinga, andika, halafu weka pumzi kumi na sita na bitana ya ndani mara mbili, gauni lisimame lenyewe. Watoto wangu wana macho, lakini hawajui kupima.'"

Gauni lile nalijua. La kijani. Nilimkumbatia mlangoni akiwa amelivaa, siku nilipokuja kumwonyesha kitabu changu cha nne, nikahisi kitambaa kigumu. Nikamwuliza, "Mama, mbona gauni limekakamaa hivi?" Akasema, "Jipya, halijafuliwa. Niambie habari za kitabu chako." Nikamwambia, saa nzima.

Nililia pale pale, juu ya kitambaa cha mteja. Mama mdogo alikisogeza kwanza, kisha akanishika.

Nilirudi nyumbani nikatupa zile kurasa sita. Nilikuwa nimemwandika mama akiwa amebana tumbo, na yeye asingemshonea mtu yeyote namna hiyo. Nikaandika mpaka mchana, pamoja na wateja aliowasema, na hasira zake, na lile gauni la kijani pale mlangoni. Kisha nikampigia kaka.

"Sikiliza mwanzo," nikamwambia. "Mama yetu alitudanganya kwa sentimita kumi na sita."



"Alitudanganya nini?" akauliza, na sauti yake ikawa ndogo.

"Keti kwanza, kaka."

Nikasikia kiti kikivutwa, nikaanza kusoma.