Vyondo Saba Vilivyobaki Mdomo Wazi

Hapa kijijini kwetu Zombe wanamwita Katunge mvumilivu. Neno hilo linanikera. Wanalisema kwa sababu hawajawahi kumuuliza anataka nini, na mimi pia sikumuuliza.

Ana miaka arubaini na mmoja. Akiwa msichana alikuwa akichota maji kwenye shimo la mchanga mtoni, ukingo ukamporomokea mgongoni, na tangu hapo miguu haikusimama tena. Kaka yake Kimeu alikuwa akimsukuma kwa kiti cha magurudumu kila Alhamisi mpaka ukumbi wa kanisa, tunakosuka vyondo. Kikundi chetu ni cha walemavu watupu. Mimi natembea kwa magongo. Tunasuka, tunaimba, tunasengenya kidogo, Mungu atusamehe. Na tuna desturi yetu: hakuna anayefunga mdomo wa kiondo, yaani kuzifunga zile nyuzi za mwisho za juu, peke yake. Mwenyewe anafunga huku wengine tumemzunguka, tukiimba jina lake. Katunge akiimbiwa alikuwa anacheka mpaka anashika mbavu.

Mwaka jana Kimeu akapata kazi ya ulinzi mbali, mjini Wote. Kiti kikakosa msukumaji, maana njia yetu ni mchanga mtupu, na Muthoki, mke wa Kimeu, ana mgongo mbovu. Bodaboda nayo Katunge hawezi kuikalia. Hapo ndipo nikaja na akili zangu. Nikasimama kanisani nikasema Katunge asisumbuke, mkonge tutampelekea nyumbani. Nikapigiwa makofi! Waumini wenye miguu mizima wakaona mambo yameisha, nami nikarudi kwangu kichwa kimevimba.

Miezi minane tukatuma nyuzi, na hakuna kiondo hata kimoja kilichorudi. Nikapanda bodaboda kwa hasira niende nimpashe.

Nilimkuta chumbani, kando ya dirisha linalotazama ukuta wa ghala. Vyondo saba vilikuwa vimepangwa sakafuni, vizuri ajabu, vyote mdomo wazi, nyuzi zikining'inia.

"Katunge, hizi utamaliza lini? Wateja wanangoja."

"Mama Yvonne, mimi nilikuambia nataka mkonge?"

Nikaegemeza magongo yangu ukutani.

"Mimi nilikuwa nataka Alhamisi. Sasa mkiniletea kazi hapa, ni nani atakumbuka kunitoa?"

Niliona aibu mpaka nikashindwa kumtazama. Nikamwahidi kwamba nitarekebisha. Alhamisi iliyofuata nikawaleta wenzetu wote, watu kumi na mmoja, wengine kwa bodaboda, wengine kwa magongo, tukajaa uani. Moyoni nilijipongeza tena. Tukamtoa, tukamzunguka, tukaimba jina lake, akafunga kiondo cha kwanza, cha pili, mpaka cha sita. Alitabasamu, lakini hakucheka. Cha saba akakikumbatia, akakataa kukifunga.

"Hii nitafungia kanisani," akasema. "Ama mmehamia hapa ndio nisitoke kabisa?"

Wimbo ukatukatikia mdomoni. Hilo ndilo nililokuwa nimefanya, mara ya pili.

Tulipoaga, alituomba tuache lango wazi. Tukaliacha. Nilipofika barabarani nikageuka kumpungia mkono. Muthoki alikuwa tayari analifunga, kwa sababu ya mbuzi.