Mabaharia Hewa wa Satwa

Hakuna kilichonikera kazini kama walinzi kuitikiana majina. Mmoja akichelewa basi la kampuni kutoka bweni letu la Muhaisnah, mwenzake anamjibia "yupo", na kesho naye analipa fadhila. Mimi mwenye shahada ya historia na mvi za kutosha niliuita udanganyifu mtupu.

Wiki iliyopita sir, meneja wa kampuni yetu ya ulinzi, alikuja kwenye jengo tunalolinda Satwa kutafuta msimamizi wa zamu, cheo nilichokitamani hadi kukosa usingizi. Nikasimama mbele ya wenzangu nikafoka. Nikaeleza jinsi jeshi la majini la Hispania, karne ya kumi na nane, lilivyojaa mabaharia hewa waliogawiwa mshahara na biskuti ilhali wamo makaburini, mpaka mageuzi yakaleta makarani wa kulinganisha kila jina na sura yake.

"Khalas, yamekwisha," sir akasema. "Kesho saa kumi na mbili asubuhi tunaanza hivyo hivyo: jina na sura yake."

Esther, ninayelinda naye geti, akaninong'oneza, "Mwalimu, umetuuza kwa ajili ya Wahispania waliokufa?"

Kesho yake niliitafuta tai inayofaa msimamizi mpaka basi likaniacha. Nikakodi teksi, nikaingia ukumbi wa jengo nikihema, wakati sir anasoma jina langu kwenye orodha. Esther, aliyenipa mgongo, akaniokoa kwa mazoea.

"Yupo, sir. Yuko geti la nyuma tangu saa kumi na moja."

Sir alikuwa akinitazama mimi mlangoni, nikiwa na tai mkononi.