Simu ya Kutwanga

Siku hizi wanangu wananionya kwamba simu zinasikilizwa, nami nacheka. Jamani, mimi nimekulia kwenye kibanda cha simu! Kijijini kwetu, kando ya barabara kuu upande wa Shelui, simu ya kwanza ilikuwa ya mama yangu, na kila aliyeitumia alisikika hadi kwenye mashamba ya alizeti.

Ilikuwa miaka ile biashara huria iliporuhusiwa na kampuni za simu zikaanza kuingia moja baada ya nyingine. Mnara ulikuwa mbali, kwa hiyo simu ya mama ilifungwa kwa waya kwenye antena iliyokuwa juu ya mlingoti mrefu. Huwezi kuibeba ukajitenga nayo. Unakaa kwenye stuli ndani ya kibanda unapaza sauti, maana watu wetu waliamini Dar es Salaam ni mbali na sauti lazima ifike kwa nguvu zake yenyewe. "Halo! Halo! Unanisikia?" Waliosubiri kwenye benchi nje walikusikia vizuri kuliko huyo uliyempigia.

Mama hakupenda kabisa. Yeye hasira zake ziko karibu, na mimi nimezirithi zote, lakini kwa siri za watu alikuwa kaburi. Akachukua kinu chake cha kutwangia uwele, akakiweka mlangoni mwa kibanda. Mtu akiwa na jambo zito, mama alimpa mgongo, akashika mchi. Du! Du! Du! Benchi zima halikuambulia neno. Haukupita muda, watu wakawa wanafika na kusema, "Shikamoo mama, leo nina ya kutwanga."

Hapo mwanzoni alikosea, maana alitwanga kwa wenye siri tu. Dada mmoja jirani yetu aliomba ya kutwanga, na kabla hajainuka kwenye stuli benchi lilishajua ana jambo. Jioni mume wake akamkalia kooni: "Uliongea na nani mpaka utwangiwe?" Masikini, alikuwa akimuuliza dada yake habari za hospitali, maana yeye mwenyewe alikuwa hajajaliwa mtoto. Mama aliposikia alijikasirikia mpaka akasusa chakula. Tangu siku ile akatwanga kwa kila mtu. Unamsalimia bibi yako? Anatwanga. Unauliza bei ya vitunguu? Anatwanga. "Wote wakitwangiwa," alisema, "hakuna atakayenyooshewa kidole."

Sasa kichekesho ni kwamba mama huyo huyo alikuwa ameolewa na balozi wa nyumba kumi. Baba aliishika kazi hiyo tangu enzi za chama kimoja, na vyama vingi vilipokuja yeye alibaki vilevile. Mgeni akilala kwa mtu bila taarifa, asubuhi baba yuko mlangoni, kavaa koti lake, anasalimia kwa upole na kuuliza katoka wapi, anaondoka lini. Hakuwa mbaya. Aliamini kwa moyo wake wote kwamba serikali isiyojua watu wake haiwezi kuwasaidia. Wakati wa chakula alimchokoza mama: "Mama watoto, leo kibandani kulikuwa na habari gani?" Mama anamjibu, "Habari za kinu. Kula, ugali unapoa." Baba anacheka mpaka anakohoa. Nyumba yetu ilikuwa hivyo, na nilikuwa na raha ndani yake.

Kisha mvua zikakatika. Uwele ulikauka shambani, na kinu kikakosa kitu. Mama akaendelea kutwanga kinu kitupu. Sauti ilibadilika, ikawa ko, ko, ko, kavu, inaumiza meno. Bibi zetu wakamkemea kwamba kutwanga kinu kitupu ni kuita njaa. "Njaa imeshakuja," akawajibu, "wala haikungoja kuitwa."

Mahindi ya msaada yalifika. Tuliyaona kwa macho yetu yakishushwa godauni. Wiki iliyofuata yakapakiwa tena kwenye lori, yakaondoka bila kupita kinywani mwa mtu. Watu wakanung'unika chini chini. Halafu asubuhi moja redio ikatangaza: msikilizaji mmoja amepiga simu, na jina la kijiji chetu likatajwa kwa sauti nzuri kabisa, pamoja na habari ya lori. Loo! Tulifurahi kwa dakika chache tu. Baadaye tukakumbuka kwamba kijiji kizima kina simu moja.

Ofisa alikuja kabla jua halijawa kali, kijana wa kaunda suti, pamoja na mgambo. Baba aliitwa asimame kando yake, kama ilivyo desturi wakubwa wakija. Mimi nilikuwa nafagia mbele ya kibanda.

"Shikamoo mama," ofisa akasema. "Kuna mtu alipiga simu redioni kutoka hapa. Nani?"

"Marahaba, mwanangu. Mimi sijui. Nikitwanga nawapa watu mgongo."

Akatabasamu. "Mwaka huu? Unatwanga nini mwaka huu, mama? Au yale mahindi unayo wewe?"

Niliacha kufagia. Akisema ana nafaka, ni mwizi. Akisema hana, ni mwongo. Mama akamtazama kama anavyotazama mbuzi aliyeingia bustanini.

"Natwanga hewa," akasema.

"Nini?"

Mama akauinua mchi. Ko! Ko! Ko! "Haya, semeni siri zenu!" alipiga kelele. Ofisa akafungua mdomo, akanyoosha kidole, akasema na kusema, na haki ya Mungu hatukusikia hata silabi. Watu wa kwenye benchi wakaficha nyuso kwenye kanga na kofia. Mama alipopumzika, kijana alikuwa anatoka jasho.

"Kampuni ya simu tutaiuliza!"

"Iulizeni. Itawaambia simu ilipigwa. Mdomo uliopiga, kampuni iliuona?"

Hapo mzaha ukaisha. Akasema mpaka mama akumbuke, simu inaondoka naye na kibanda kinafungwa. Akamwamuru mgambo apande mlingoti aishushe antena. Nilipiga ufagio chini kwa hasira. Kibanda kile ndicho kilichokuwa kinatulisha. Shamba lilikuwa vumbi. Nikaona mikono ya mama imeshika mchi mpaka mishipa imetokeza.

"Balozi," ofisa akamgeukia baba, "wewe unawajua watu wako. Mtaje."

Na kweli, kama kulikuwa na mtu anayejua nani kaingia wapi, ni baba. Alimtazama mgambo, ambaye alishafika katikati ya mlingoti. Akavuta koti lake likae sawa.

"Shuka, mwanangu, utaanguka," akamwambia. Kisha akasema, "Ni mimi."

Ofisa akauliza mara mbili, wewe? Balozi?

"Kazi yangu miaka yote ni kutoa taarifa," baba akasema. "Nimetoa."

Mama aliutupa mchi chini. "Mzee wewe! Sasa mimi hapa nilikuwa natwanga nini? Si ungeniacha nitwange!" Akaanza kulia palepale mbele ya watu, mama yangu ambaye sikuwahi kumwona akilia. Alikuwa anajua tangu mwanzo. Siku ile baba alipoketi kwenye stuli yeye alimpa mgongo kama mteja yeyote, akatwanga, na wakala ugali jioni bila kuulizana.

Baba walimchukua hadi wilayani. Akalala huko, akarudi kwa lori la vitunguu, ubalozi hana tena. Mahindi yalikuja baadaye, si yote. Antena ilibaki juu.

Miaka mingi imepita. Siku ya kusajili laini, binti mmoja alikuja na kimashine cha alama za vidole, akamwomba mama dole gumba. Mama akalitoa bila ubishi, kisha akauliza, "Na huko inakokwenda sauti yangu, mmeweka mtu wa kutwanga?" Binti akacheka, akadhani ni uzee.

Mimi nilikuwepo, na sikucheka. Siku hizi baba ana simu yake mwenyewe, na kila Jumapili ananipigia mjini. Bado anapaza sauti: "Halo! Halo! Unanisikia?" Hatuna siri yoyote, ni habari za mvua na magoti yake tu. Lakini kabla hajamaliza salamu namsikia mama nyuma yake uani, ameshashika mchi.