Ng'ombe Arobaini wa Mdomoni

Mimi ni mtu ambaye hakuna kitu cha kunishangaza. Nimeuza maji ya kunywa kwa ndoo pale stendi, nimebeba magunia ya dagaa na kulala juu ya magunia hayo hayo, nimeona watu waliosoma mpaka ng'ambo wakija dukani kwangu kukopa suruali. Shule niliishia darasa la nne na sijaona mahali iliponipungukia. Kwa hiyo wazee watatu wa Kisukuma waliposimama mbele ya duka langu Mabatini, hapa Mwanza, asubuhi moja, wamevaa makoti mazito, fimbo mkononi, wakasema wamekuja kuwaona ng'ombe wa mkwe wao, sikushtuka. Niliwatolea viti. Halafu nikaingia ndani nikanywa maji vikombe viwili.

Ngoja nianzie mbali kidogo, la sivyo utafikiri nilikuwa mfugaji.

Miaka ile biashara ilikuwa imefunguliwa. Mwenye akili na mtaji kidogo aliweza kuagiza anachotaka, hakuna wa kumwuliza. Mimi niliingia kwenye mitumba. Siku moja nikaletewa belo la viatu kutoka Dar, nikalifungua mbele ya wateja, kumbe raba tupu, na zote za majitu. Mtu akivaa, mguu unaogelea. Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Jirani yangu Mhindi, mwenye duka la misumari na mabati mlango wa pili, akanishauri nizijaze udongo nipande maua. Mimi nilijiuliza, miguu mikubwa iko wapi katika mji huu? Jumamosi nikabeba gunia mpaka uwanja wa mpira wa kikapu, kule ufukweni upande wa Pasiansi, na kabla mchezo haujaisha gunia lilikuwa tupu. Akili ya namna hiyo haifundishwi darasani.

Jozi ya mwisho, iliyokuwa kubwa kuliko zote, ilichukuliwa na kijana mmoja mrefu sana. Alikuwa akicheza na raba zilizokatwa mbele ili vidole vipate pa kutokea. Mkerewe, baba yake amekufa, mama yuko kisiwani. Alikuwa ameajiriwa na kiwanda kimoja cha minofu ya sangara. Kwenye karatasi za kiwanda alikuwa mtu wa stoo, lakini sikuwahi kumsikia akinuka samaki. Kazi aliyolipiwa mshahara ni kufunga vikapu kwenye timu ya kiwanda, na alikuwa akifunga. Mkono wake wa kushoto ulikuwa na kuchelewa fulani. Mlinzi anaruka, mlinzi anashuka, ndipo yeye anatupa. Mimi ambaye nilikwenda kuuza viatu nilijikuta nimesimama, gunia tupu begani, mdomo wazi.

Baada ya hapo sikukosa mechi. Tukawa wafanyabiashara watano wa Mabatini, jirani yangu Mhindi akiwamo, kila Jumamosi tunafunga maduka mapema tunateremka ziwani. Tatizo likawa ubishi. Kila mmoja alikuwa na mchezaji wake anayemwona bora, na hakuna wa kumshinda mwenzake kwa maneno. Ndipo nikabuni mchezo. Siku hizi naona vijana wanaucheza kwenye simu, wanachagua wachezaji wa Ulaya na Marekani, wanajumlisha pointi, wanadhani ni kitu cha Wazungu. Sisi tulikuwa nao Mabatini wakati simu bado zimefungwa ukutani, na aliyeubuni ni mimi. Muulize yeyote pale.

Ulikuwa hivi. Kila mmoja wetu anachagua wachezaji watano kutoka timu yoyote ya mjini, ya kiwandani, ya bandarini, changanya utakavyo. Wenyewe hata hawajui. Wakicheza Jumamosi, vikapu wanavyofunga vinahesabiwa kuwa vyako. Ambaye watu wake wamefunga kidogo kuliko wote anawanunulia wenzake soda na sangara wa kukaanga, na ndizi choma kwa Mhindi wangu, ambaye hali samaki. Mchezaji unaweza kumnunua kwa mwenzako au kumwuza, na bei yake inapanda na kushuka kwa jinsi anavyocheza.

Sasa bei tutaje kwa kitu gani? Kwa shilingi haikuwezekana. Shilingi ya miaka ile ililala na thamani moja ikaamka na nyingine. Mchezaji anaweza kuvunjika mguu na bei yake ikaonekana imepanda. Nikasema tutaje kwa ng'ombe, maana ng'ombe wa jana na wa leo ni yule yule. Kila mtu akapewa zizi la ng'ombe mia wa mdomoni aanzie hapo. Mhindi wangu akakubali kumiliki wake kwa sharti moja, kwamba wasichinjwe.

Yule mrefu nilimnunua kwa ng'ombe wanane wenzangu wakanicheka. Msimu mmoja tu, akafika ishirini. Ulipofuata, thelathini. Jirani yangu alinipa wachezaji wawili wazuri na ng'ombe juu, nikakataa. Na siku alipowafunga wa bandarini karibu peke yake, bei ilifika arobaini na furaha ikanipanda kichwani. Pale uwanjani watu hukaa juu ya mawe. Mimi nilisimama juu ya jiwe langu, nikawatangazia wote waliokuwapo kwamba kijana huyu ni wangu, kwamba ana ng'ombe arobaini kwangu, na anayebisha aje Mabatini.

Wakaja.

Nilikuwa sijui kwamba kijana wangu alikuwa ameposa binti huko Mkolani, wala kwamba baba mdogo wa binti alikuwa amekaa kwenye mawe yale siku ile, ametumwa kumchunguza mchumba kama ilivyo desturi. Alisikia kila neno akalipeleka nyumbani.

Hapa inabidi ujue kitu kimoja cha Wasukuma. Mwenye ng'ombe wengi haweki wote zizini kwake. Anawagawa kwa watu anaowaamini, huyu watano, yule kumi, ili ugonjwa ukiingia asifilisike kwa siku moja, na majirani wasijue ana kiasi gani. Ukimwuliza atakwambia hana kitu. Kijana alipomwambia baba wa binti kwamba hana ng'ombe, ana mshahara wake tu, mwanzoni mzee alikuwa amemwamini. Sasa habari za uwanjani zilipofika, akampenda zaidi. Akaona kumbe huyu ana adabu ya matajiri. Lakini mahari waliyokuwa wameanza kukubaliana, ng'ombe kumi na wawili, akaisimamisha. Alisema mtu mwenye arobaini akitoa kumi na wawili anakuwa amemdharau binti wa watu.

Ndipo wale wazee wakawa kwenye viti vyangu, baba mwenyewe katikati. Niliwaamkia, wakaitika, baba akaniuliza kama ng'ombe wako karibu au niliwapeleka kwa watu. Nikamweleza kwamba hakuna ng'ombe, ni mchezo tu. Akawageukia wenzake polepole, akanirudia.

"Mwenyewe anasema hana. Na anayewatunza anasema hakuna. Sasa wamekwenda wapi?"

"Hawajawahi kuwapo, mzee wangu."

"Ulisema kwa mdomo wako."

"Nilisema, ndiyo."

Akanitazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama mgonjwa. "Umewala ng'ombe wa mkwe wetu, baba?"

Wateja waliokuwa wanachagua mashati wakaacha kuchagua. Mimi, ambaye sijala hata kuku wa mtu, nikawa mwizi wa ng'ombe arobaini ndani ya duka langu mwenyewe. Wazee wakaondoka kwa heshima zote, na hiyo ndiyo ilinitisha.

Mchana kijana akaja, ameinama mlangoni kama kawaida yake. Hakunilaumu, ingawa alikuwa na haki. Alinieleza kwamba timu moja ya Dar ilikuwa imemwita, mshahara mara mbili na chumba cha kukaa, na alitakiwa kule mwisho wa mwezi. Alitaka aoe kwanza aondoke na mke wake. Akiondoka bila ndoa, binti ataposwa na mwingine, na yeye hayuko tayari.

"Bosi, wakinikatalia, siendi Dar," akasema. "Nitabaki hapa hapa stoo."

Alipotoka tu jirani yangu akaingia. Alikuwa amesikia yote, maana ukuta wetu ulikuwa wa mbao. Akaniambia nina bahati kuliko mtu yeyote aliyemjua. Kijana akienda Dar, kwa sheria niliyoitunga mwenyewe, mchezaji aliyehama mji anakuwa na thamani ya sifuri, na zizi langu limekwisha. Lakini posa ikivunjika, hahami, na mimi nabaki na mchezaji bora wa Mwanza nzima.

"Nyamaza tu, bwana mkubwa," akasema. "Kunyamaza ni bure."

Jamani, mimi napenda faida. Lakini nilipomsimulia mke wangu jioni, aliniuliza swali moja tu akiwa anapakua ugali: siku ile juu ya jiwe nilikuwa namsifu kijana au najisifu mimi? Nikamega tonge kubwa. Kesho yake nikapanda baiskeli mpaka Mkolani, nikamwomba yule mzee aje uwanjani Jumamosi aone ng'ombe wanapozaliwa.

Alikuja na ndugu zake wawili. Nilimkalisha kwenye jiwe zuri, nikamweleza yote tangu mwanzo: wachezaji, vikapu, zizi la mia, soda na sangara. Wenzangu wanne wakathibitisha, hata Mhindi wangu akaapa kwamba naye ana ng'ombe sabini ambao hajawahi kuwaona. Mzee alisikiliza akiwa amefumba macho nusu. Mechi ikaanza. Mzee akanyoosha fimbo kuelekea mchezaji mmoja mweupe wa bandarini.

"Yule bei gani?"

"Kumi na watano."

"Kwa magoti yale? Watatu. Na huyu mfupi anayekimbia sana?"

"Wanne."

"Mpe kumi. Ana kifua."

Ikawa hivyo mpaka mwisho. Aliwapandisha, akawashusha, akabishana na wenzangu kuhusu bei kama yuko mnadani, na mchezaji wa jirani yangu, ambaye alikuwa anajivunia, akamfanya ndama. Tulicheka wote. Kijana wangu siku hiyo alifunga kama anayepigania roho yake, na nadhani alikuwa anaipigania. Nikaona mambo yamekwisha. Mzee ameelewa, ng'ombe ni wa hewa, mahari itarudi kumi na wawili, vijana watajipanga wenyewe polepole.

Watu walipoanza kushuka kutoka kwenye mawe, mzee akasimama, akaegemea fimbo.

"Nimeelewa," akasema. "Ng'ombe hakuna. Kijana yupo?"

"Yupo."

"Ulisema mbele ya watu hawa kwamba ni wako."

"Kimchezo, mzee."

"Sijauliza ulisema kivipi. Baba yake amekufa. Katika mji huu wote ni mtu mmoja tu aliyesimama akasema huyu ni wangu, naye ni wewe. Kwetu sisi mtu akisema hivyo amekuwa baba. Na baba ndiye anayetoa mahari." Akanyoosha fimbo kwenye jiwe langu. "Nitarudi kwenye kumi na wawili, kwa sababu umenionyesha ukweli. Kama si wako, panda pale pale, uwaambie watu."

Nilitazama wenzangu. Wanne wote walikuwa wanatazama ziwa, kana kwamba wamewahi kulijali. Kijana alikuwa bombani ananawa uso, amevua raba, na alikuwa ameacha kunawa. Maji yalikuwa yanamwagika tu. Alisikia. Hakuomba kitu, hakutikisa kichwa, alisimama pale na urefu wake wote hajui auweke wapi.

Mimi ni mtu wa kujisifu, nimeambiwa, na sioni ubaya. Lakini sifa niliyoitoa mwenyewe siwezi kuimeza mbele za watu. Nikapanda juu ya jiwe.

"Ni wangu," nikasema.

Hakuna aliyepiga makofi. Mzee alishika mkono wangu kwa mikono yake miwili, akaniita mkwe, basi.

Kijana alikuwa na akiba ya kununua wanne. Waliobaki nilikwenda kuwanunua mnadani, mzee ubavuni, na usifikiri alinihurumia. Kila ng'ombe niliyemwonyesha alitazama magoti kwanza. Ndoa ilifungwa kanisani kule Mkolani, nikakaa kiti cha baba, mimi ambaye baba yangu mwenyewe hakuwahi kukaa kiti cha mbele popote. Mke wangu alicheza mpaka kitambaa cha kichwa kikaanguka. Jirani yangu alileta bati kumi za nyumba ya maharusi, akaniambia mimi ni wa kwanza duniani kumlipia mchezaji wa mdomoni ng'ombe wenye kwato.

Wakaenda Dar. Alicheza huko misimu kadhaa kwa mshahara mzuri, jina lake likasomwa redioni, sisi Mabatini tukiwa tumezunguka redio yangu kama watu wanaoota moto. Goti lilipomchosha akarudi, na mpaka leo anafundisha watoto kutupa kwa kuchelewa. Wanawe wananiita babu, na mkubwa wao tayari ananizidi urefu. Zizi langu la mdomoni lilianguka siku ile ile basi lao lilipoondoka, nikanunua sangara Jumamosi nyingi mfululizo, na walikuwa watamu.

Watu wakinikuta na wale wajukuu huuliza nimewapataje, na mimi huwaambia sikupewa bure. Ng'ombe wanane, lori la kuwafikisha Mkolani, koti la mzee, blanketi la bibi na jembe la mjomba: shilingi laki nne na elfu tisini na mbili na mia tano.