Madumu Kumi na Mawili ya Alugba

Alugba aliuza maji ya kunywa Ganvie, kijiji chetu cha nyumba za nguzo katikati ya ziwa, kwa miaka ishirini na sita, kwa mtumbwi na kasia, na sauti yake ilikuwa ikifika nyumba tatu kabla ya mtumbwi wenyewe. Kwetu maji yako chini ya kila sakafu, lakini ya kunywa lazima uyafuate kisimani, ujaze madumu, uyapeleke nyumba hadi nyumba. Yeye alikuwa na madumu kumi na mawili ya njano, ya lita ishirini na tano kila moja, na aliyatunza kuliko alivyomtunza mumewe, jambo ambalo marehemu mwenyewe alilisema hadharani bila kinyongo. Kila alfajiri aliyasugua kwa mchanga na ndimu. Dumu lililowahi kuwekwa mafuta, hata yawe ya mawese, halikupanda mtumbwini mwake.

Mabega yalipoanza kugoma, akanunua mashua ya mtambo. Ilikuwa ya Bwana Anselme, mchimba mchanga wa upande wa Kalavi, nchi kavu ng'ambo ya ziwa, na ilikuwa imelala ufukweni kwake miaka minne. Mbao zilikuwa nzima, na chini ya sakafu kulikuwa na matangi mawili ya chuma.

"Na yote mawili yamejaa petroli," Bwana Anselme alimwambia akimpigapiga begani. "Hiyo ni zawadi yangu, Mama. Usije ukasema sikukupa kitu."

Alugba akapiga magoti yote mawili akashukuru, maana zawadi kwetu hupokelewa hivyo. Baadaye hayo magoti ndiyo yaliyomuuma kuliko kitu kingine chochote.

Mashua ikavutwa kwa kamba hadi nyumbani kwake. Fundi Hodonu, ambaye hakuna mtambo wa Ganvie ambao hajaufungua, akaja akatoa kifuniko cha tangi la kwanza, akarudisha kichwa nyuma kama aliyepigwa kofi. Harufu haikuwa ya petroli. Ilikuwa ya rangi ya ukuta iliyochacha. Akachota kidogo kwenye glasi, wakaiacha itulie. Juu ilikuwa nyekundu ya chai kali, chini yake kulikuwa na maji, na kati ya hivyo viwili utelezi wa kahawia.

"Hii imeshakufa, Dada," Hodonu alisema. "Imekufa, ikazikwa, na huyo bwana ameifukua akakupa wewe."

"Nifanye nayo nini?"

"Nipe mimi. Nitaichuja, niichanganye na mpya, sehemu moja kwa kumi. Hakuna atakayejua."

"Atajua yule ambaye mtambo utamzimikia katikati ya ziwa na upepo umeanza. Utamwambia nini, pole?"

Hodonu akajikuna shingo. "Basi kaimwage kule mkondoni. Ziwa litaipeleka baharini."

"Msimu huu bahari inatoka au inaingia?"

"Inaingia."

"Kwa hiyo niimwage mlangoni, halafu niikaribishe ndani. Asante kwa ushauri, fundi."

Ningependa kusema wengine walimuunga mkono. Wapi! Sisi ni watu tusio na ardhi hata ya kufukia mfupa wa samaki. Kila kinachotushinda tunakiachia ziwa, kisha tunalalamika samaki wamepungua. Mtu akikataa kufanya hivyo tunamwona anajidai.

Asubuhi iliyofuata Alugba alitoka barazani akaona ngozi ya rangi nyingi inacheza juu ya maji, imezizunguka nguzo za nyumba yake. Akaruka ndani ya mashua, akainua ubao. Tangi la pili lilikuwa linatoka jasho kwenye kiungo chake. Tone baada ya tone, petroli ilidondokea tumboni mwa mashua na kupenya kwenye mianya kati ya mbao. Nyumba ya jirani, hatua chache tu, Mama Zinsu alikuwa amewasha majiko yake ya kukaushia samaki.

"Mama Zinsu! Zima moto!"

"Nizime moto kwa ajili ya mashua yako? Samaki hawa utawanunua wewe?"

"Zima, au tutakaushwa pamoja nao!"

Mama Zinsu alizima, lakini alitukana hadi kijiti cha mwisho. Alugba akafunga mashua nyuma ya mtumbwi, akaikokota mbali na nyumba, akaitia nanga kwenye maji ya wazi. Kisha akampigia simu Bwana Anselme. Bwana alicheka sana. Ziwa ni kubwa, alisema, mwaga tu. Alipoambiwa basi petroli inarudi kwake, kicheko kikakatika. Zawadi hairudishwi, akamwambia, na akakata simu.

Sasa ilibidi matangi yanyonywe petroli yote, na siku hiyo hiyo. Hodonu alikuja na pampu yake ya mkono na mpira, lakini vyombo hakuwa navyo zaidi ya viwili, tena vimejaa. Wauza petroli wa magendo walikuwa na vyombo tele, na sharti lao lilikuwa lile lile la Hodonu: wapewe wakachanganye. Alugba akaangalia mtumbwi wake. Madumu yalikuwa yamepangwa safi, midomo wazi, yakingoja kisima.

"Usifanye hivyo, Dada," Hodonu alisema, na safari hii hakuwa na mzaha. "Dumu likishawekwa hii, hata ulichemshe mwaka mzima halirudi kwenye maji. Kesho utauza nini?"

Alugba alilia. Alilia kwa hasira, mdomo wazi, kama mtoto aliyenyang'anywa kitu. Kisha akapenga kamasi na kuchukua dumu la kwanza.

"Pampu," alisema.

Walifanya kazi hadi jua likafika utosini. Hodonu alipiga pampu, Alugba alishika mpira. Kila dumu lilipojaa alilifunga kwa nguvu na kulifuta nje kwa tambara. Matangi yalipokauka wakakausha tumbo la mashua kwa matambara hadi kiungo cha mwisho, wakaacha vifuniko wazi jua liingie. Madumu kumi na mawili yakakaa mtumbwini. Petroli ni nyepesi kuliko maji. Hiyo ndiyo hisani pekee iliyomfanyia.

Angeweza kuzunguka nyuma ya matete asionekane. Hakutaka. Alipiga kasia katikati kabisa ya soko, mchana kweupe, kati ya mitumbwi ya nyanya na unga wa muhogo.

"Alugba! Maji ya leo mbona mekundu?" muuza nyanya mmoja alipaza sauti.

"Haya ni ya wenye midomo mirefu! Njoo nikupimie!"

Ng'ambo, Bwana Anselme alikuwa amekaa kivulini na wageni wawili waliokuja kununua mchanga. Alugba aliteremsha madumu moja baada ya jingine, akayapanga mbele ya meza yao. Kisha akapiga magoti yote mawili, kama siku ile.

"Baba, nimekuja kurudisha zawadi yako. Imenizidi ukubwa."

Mgeni mmoja aliacha kutafuna. Kwetu, kurudishiwa zawadi mbele ya watu ni kuvuliwa nguo.

"Mwanamke, hakuna anayerudisha zawadi!"

"Sasa yupo."

"Toa uchafu huo hapa!"

"Uchafu?" Alugba alisimama, akajipangusa magoti. "Ulipokuwa kwangu uliitwa petroli. Pale una mapipa ya oili chafu, na gari la kutoka mjini Kotonu linakuja kuyachukua. Siku zote ulijua pa kuupeleka. Uvivu tu."

Mgeni wa pili alikohoa kuficha kicheko. Bwana Anselme akaita vibarua, akawaambia wamimine kwenye mapipa haraka, na wampe huyu mama madumu yake aondoke.

"Yabaki," Alugba alisema. "Mimi ni muuza maji. Hayo si yangu tena."

Usiku hakulala vizuri, na sitasema uongo kwamba alikuwa shujaa. Aliogopa. Lakini kulipokucha, mashua ikiwa bado nangani inakauka, aliusugua mtumbwi, akapiga kasia ukiwa mtupu, na sauti ikatangulia kama kawaida.

"Majiii! Anayetaka maji alete dumu lake! Lake mwenyewe!"

Watu wakatoka barazani. Wapo waliocheka, na wapo waliosema hawajawahi kuona upuuzi wa namna hiyo, mteja kumpa muuzaji chombo. Alugba hakumbembeleza hata mmoja. Alisimama mtumbwini, mkono kiunoni, akingoja, na kisima kilikuwa mbali kwa kila mtu. Mwishowe Mama Zinsu, kwa uso wa kununa, akamrushia dumu.

Alugba akafungua kifuniko, akaingiza pua, akalirusha barazani.

"Hili liliwahi kuwekwa petroli. Lete jingine."

Na Mama Zinsu akaingia ndani kulitafuta.