Maji ya kunywa yaliyookoa mayungiyungi ya Pasaka

Saa kumi na mbili asubuhi, Jumamosi Kuu. Umande haujakauka katika shamba la Verlene Bascome, naye keshainama kati ya matuta, kisu mkononi, gauni amelikusanya na kulifunga kiunoni. Anashika shina moja, analitazama tumba la juu lililovimba, jeupe lakini bado limefumba, kisha anakata.

“Likifumbuka shambani, umechelewa,” anasema bila kuinua kichwa. “Ukilikata lingali la kijani, halifumbuki tena. Nalitaka hivi, kama mtu anayekaribia kusema neno.”

Hakati shina zima. Sehemu ya chini na majani yake huiacha ili ikilishe kitunguu cha ua kilichofukiwa ardhini. Anayekata mpaka chini, anasema, anakula Pasaka mbili kwa mkupuo mmoja.

Verlene, mwenye umri wa miaka 63, ni mkulima wa mayungiyungi meupe katika wilaya ya Smith’s, Bermuda. Kwa miaka mingi alifua mashuka hotelini na kulima jioni. Sasa shamba ndilo kazi yake ya pekee, na Pasaka ndiyo msimu wake wa pekee.

Katika kanisa lao la Methodisti, kila familia huweka yungiyungi mbele ya madhabahu kwa jina la marehemu wake. Jumapili ya Pasaka majina husomwa, moja baada ya jingine. Maua hayo hutoka kwa Verlene, kama yalivyotoka kwa mama yake, Bi Almeria, aliyemwachia vitunguu vyenyewe.

Mwaka huu ilibaki kidogo kanisa likose maua.

Siku chache kabla ya Jumapili ya Matawi, upepo wa kusini ulivuma kutwa nzima. Haukuleta mvua, ulileta chumvi ya bahari tu. Ulipotulia, Verlene alipitisha kidole juu ya jani, akalamba.

“Nilijua papo hapo,” anakumbuka. “Chumvi ile ukiiacha, majani yanaungua na matumba yanadondoka. Dawa yake ni moja: kuyaosha kwa maji matamu.”

Maji matamu ndiyo hayakuwapo. Kisiwani hakuna mto. Watu hunywa mvua inayoteremka kwenye mapaa yao meupe na kuingia tangini chini ya nyumba. Tangu Januari mvua ilikuwa ya manyunyu. Wenye malori ya maji walikuwa na foleni ya wateja ya wiki nzima.

Verlene alifunua tangi lake, akachota ndoo ya kwanza.

Upande wa pili wa ukuta anaishi dada yake mkubwa, Inez. Tangu mazishi ya mama yao, hawa wawili walikuwa hawazungumzi. Inez alitaka nusu yake ya shamba iuzwe, ijengwe nyumba. Verlene alikataa kutia saini. Walichobakiza ni salamu ya asubuhi, kwa sababu Bermuda salamu hanyimwi hata adui.

Asubuhi hiyo Inez alisimama ukutani akatazama.

“Verlene, hayo si maji ya kunywa?”

“Ndiyo.”

“Na wewe utakunywa nini?”

“Nikipata kiu nitajua.”

“Ndiyo maana Mama alikuwa akikuita kichwa cha mbuzi.”

“Alikuwa akituita sote wawili, Dada.”

Inez aliingia ndani. Verlene aliendelea, keni ya kumwagilia mkononi, shina kwa shina, akiosha majani juu na chini. Adhuhuri ndoo ilianza kukwaruza sakafu ya tangi, na nusu ya shamba ilikuwa bado.

“Sikulia,” anasema. “Nilikuwa na hasira mno. Niliingia jikoni nikachukua maji ya birika, na ya sufuria niliyoyaweka kwa ajili ya chai. Nikarudi nayo.”

Alipokuwa akimimina ya sufuria, kitu kizito kilianguka nyuma yake. Ulikuwa mpira wa maji, umerushwa juu ya ukuta, unamwaga maji ya tangi la Inez.

“Shika huo,” Inez alimwambia. “Na usinishukuru. Si kwa ajili yako.”

“Kwa ajili ya nani basi?”

“Jina la Mama lisomwe Pasaka na mbele yake pawe patupu? Watu watauliza alizaa mabinti wa namna gani.”

Waliosha mpaka jua likashuka, wakigombana njia nzima juu ya namna ya kushika mpira. Matuta ya upande wa bahari hata hivyo yaliungua yote. Yaliyobaki yalitosha kanisa tu, na Verlene aliwaambia wateja wake wa sokoni kwamba mwaka huu hana la kuwauzia.

“Kipato cha msimu kimekwenda na upepo,” anasema. “Lakini wafu wa watu niliwaahidi kwanza.”

Sasa mashina yako bandani, ndani ya ndoo, mbali na jua. Paka wa Inez amefungiwa chumbani, kwa kuwa ua hili ni sumu kali kwa paka. Kila tumba linapofumbuka, Inez huchomoa vijiti vya ndani kabla havijapasuka na kumwaga unga wa manjano.

“Unga huu ukigusa kitambaa cha madhabahu, hautoki,” anasema Inez. “Nimekisugua mara nyingi, nikiwa nimenuna, kwa uzembe wa mdogo wangu.”

Wazee wa kanisa husimulia kwamba mayungiyungi yaliota Gethsemane, palipodondoka jasho la Yesu. Weupe wake ni usafi, na umbo lake ni tarumbeta ya siku ya kufufuka. Verlene huanzia chini zaidi.

“Mwezi wa Oktoba nafukia kitu ambacho ungekitupa ukikikuta jikoni,” anasema. “Kinakaa gizani, kimya. Halafu kinatoka hivi. Mama alipozikwa, nilishika hilo tu. Maneno mengine sikuyasikia.”

Jumapili, jina la Almeria Bascome liliposomwa, mabinti zake walikuwa wamekaa benchi moja. Inez alikuwa na leso. Verlene alikuwa akihesabu matumba ambayo hayajafumbuka.

Baada ya ibada, wakila kababu za samaki wa chumvi kwenye ngazi za Inez, suala la shamba lilirudi.

“Sijasema siuzi,” Inez alionya. “Nimesema siuzi mwaka huu.”

 Oktoba Verlene anakusudia kupanda safu ya mioleanda, vichaka vinavyostahimili chumvi, upande wa bahari ili ivunje upepo, na kutenganisha vitunguu vyake ili vipya viende kwenye nusu ya dada yake, ambayo haijalimwa tangu mama yao afariki.

“Mwaka mmoja unanitosha,” anasema, dada yake akiwa ameingia ndani. “Nitavipanda mbele ya dirisha la jikoni kwake. Pasaka vikichanua, auze akiweza.”