Shangazi alivyoifunika picha yake kwenye maonyesho ya mdogo wangu, hapa Arua

Wakuu, salamu kutoka Arua.

Ninayoandika hapa sikusimuliwa. Nilikuwepo mwenyewe, nikiwa na viatu vipya vilivyonibana tangu mlangoni. Asiyeamini aje aone malengelenge.

Nina mdogo wangu, Rajabu, mchoraji. Miaka yote tumemtania kwamba kazi yake ni kuharibu mashuka kwa rangi. Basi juzi juzi jumba dogo la makumbusho la hapa mjini, ambalo siku zote lina mikuki, vyungu na vumbi, likampa ukumbi mzima. Solo exhibition, yaani kuta zote picha zake tu.

Nilipompigia shangazi Zaituni kule Kuluba, Koboko, kumwalika, swali lake la kwanza lilikuwa, "Peke yake? Amegombana na wengine?"

Shangazi ndiye aliyetulea baada ya baba yetu, mwanajeshi, kufariki. Alilima mihogo na simsim mpaka tukasoma, na neno lake nyumbani halirudishwi. Rajabu akamwambia kwamba picha kubwa kuliko zote ni yake. Basi shangazi akashona gauni jipya, akanunua viatu, akapaka hina, akaja.

Sasa picha yenyewe, wakuu.

Kubwa kama meza ya kulia. Shangazi amekaa chini nyuma ya jiko, gauni limechakaa, anamenya mihogo, miguu ameinyoosha mbele. Na visigino! Rajabu alichora kila ufa. Kuna ufa pale ungeweza kupanda maharage.

Mimi niliangalia dari.

Lakini kilichomuudhi shangazi hasa hakikuwa visigino. Wageni walikuwa wanaingia, wanampita yeye mwenyewe, mzima, amependeza, wanakwenda kuinamia picha.

"Mutu anaangalia mguu yangu, hapana salimia mimi!" Sauti ilifika barabarani. "Rajabu, toa hii kitu. Kama hapana toa, mimi narudi Koboko sasa hivi."

Rajabu alitoka jasho. Picha hiyo ndiyo iliyokuwa kwenye bango la mlangoni, na mgeni rasmi alikuwa njiani. Akiitoa, maonyesho yake ya kwanza yanabaki na pengo katikati. Akiiacha, shangazi anaondoka na hasira, na kwetu hilo si jambo la kulala ukasahau. Msimamizi, binti mpole kutoka Kampala, akaongeza kwamba kazi ikishatundikwa haiguswi.

Shangazi hakubishana naye. Akafungua kitenge alichojifunga juu ya gauni, akamwamuru mlinzi akitundike juu ya fremu. Mlinzi akatii. Picha yote ikafunikwa. Shangazi akavuta kiti, akakaa mbele yake.

"Mutu anataka kuona mimi, asalimie kwanza."

Si mnajua watu walivyo? Picha nyingine zote zilikuwa wazi, na hakuna aliyezitaka tena. Foleni ikaanza. Na salamu ya shangazi haiishii kwenye habari. Unauliza watu wa nyumbani, watoto, mvua, shamba. Ukimaliza vizuri anainua pembe ya kitenge, unachungulia, anashusha. Vijana wa selfi walijaribu kuruka foleni, wakarudishwa mpaka kwenye mikuki.

Mgeni rasmi akafika na haraka zake. "Habari, mama," macho tayari kwenye kitenge.

Kitenge hakikuinuka.

Msaidizi wake akamnong'oneza. Bwana mkubwa akachuchumaa, tai ikagusa magoti, akauliza mihogo ya Kuluba inaendeleaje. Akaambiwa habari za panya, kwa urefu. Nadhani hotuba aliisahau hapo hapo, na sote tulimshukuru shangazi kimoyomoyo.

Jioni ukumbi ulipobaki mtupu, Rajabu akaja anacheka. Siku nzima alikuwa anakimbia huku na huku na wageni. "Shangazi, tumeshinda! Twende tukale."

"Na wewe?"

Rajabu hakuelewa.

"Tangu asubuhi umesalimia watu yote. Mimi bado."

Wakuu, nilimwonea huruma. Akachuchumaa, akamshika mkono, akauliza yote, mpaka habari za mbuzi. Katikati akaanza kulia. Mimi pia nililia, na siwezi kusingizia viatu.

Ndipo shangazi akakivuta kitenge chote. Kwa mara ya kwanza siku ile akaitazama picha vizuri, ameinama kama wale wale aliowalalamikia. Kisha akaweka kidole karibu na turubai.

"Hii kisigino ya kushoto, umesahau ufa moja. Ile nilipata mwaka wewe naingia sekondari."

Kesho yake msimamizi alipofungua ukumbi, sisi tulishafika mlangoni. Baada ya muda alitukuta hivi: Rajabu na brashi, shangazi amevua kiatu, mguu juu ya kiti. Binti akafungua mdomo kusema kuhusu kazi isiyoguswa. Akaufunga. Akamsalimia shangazi kwanza.

Nilichojifunza: kabla hujamkodolea mtu macho, msalimie, hata kama yuko ukutani.

Wenye mashangazi wa aina hii, hebu leteni yenu hapa chini. Na vile viatu nimeamua kuvigawa bure. Anayevitaka aseme, ila nisalimieni kwanza.